Moshi Mweupe

Jumatatu, 2 Rajabu

Na ijulikane kwa wakubwa na wadogo wa Amu nzima: paka wa karakana amezaa juu ya kanzu yangu ya Ijumaa. Wanne. Mama mtu ananitazama kama mimi ndiye mpangaji.

Kazi ni ile ile, misumari ya majahazi. Vyuma safari hii vimetoka paa la ghala lililobomolewa, vina ngozi nyeupe ya kuzuia kutu. Vikiingia motoni, ndimi zageuka kijani, moshi mweupe, vinyuzi vyaelea kama sufi. Jirani ana harusi, nguo zimeanikwa uani. Nikafunga mlango na madirisha. Mimi na ustaarabu wangu.

Jumanne, 3

Nimelala kutwa. Jana usiku baridi, meno yakigongana. Kiu. Mdomoni utamu kama nimelamba pesa ya shaba. Nimemwambia mke wangu, Bi Zena, ni yule papa tuliyemla jana. Sasa mzima. Maskini papa, alikuwa mzuri sana.

Jumatano, 4

Athmani, fundi mwenzangu na mchumba wa binti yetu, amefua vyuma peke yake. Mlango umefungwa. Mimi nilikuwa barazani nikiwaeleza watu ugumu wa kazi. Magharibi akarudi kwao akitetemeka.

Alhamisi, 5

Athmani kitandani. Barazani wameniuliza. Nikasema, "Mkwe wangu harusi yamtetemesha!" Wakacheka. Nilicheka kuliko wote.

Jumamosi, 7

Jana Athmani alikuwa mzima, tukaswali Ijumaa pamoja. Leo kasimama mbele ya moto, jioni kaanguka tena. Anakohoa. Bi Zena kasikia.

"Homa mara mbili juma moja! Mwanangu simpi mgonjwa, akawa mjane hina haijafutika. Jumatatu narudisha posa."

Wali niliumaliza.

Jumapili, 8

Athmani kaja, kajifunga shuka mpaka masikioni.

"Bwana Omari, wewe wanijua. Nina ugonjwa gani mimi?"

Nikamjibu Mungu ndiye ajuaye. Kweli tupu. Ila na mimi nilikuwa najua.

Jumatatu, 9

Karakana wazi, mlango na madirisha. Vile vyuma nimevitoa nje, havirudi motoni. Paka kahama na wanawe.

Asubuhi, kabla posa haijatoka nyumbani, nilimwita Athmani nikawaambia wote wawili, yeye na Bi Zena. Papa hakuwa na kosa. Ni ule moshi. Utamu ule niliujua tangu ujana, nilipokuwa nikiyeyusha shaba ya manjano, nikaugua vivyo hivyo. Jumatano niliuogopa moto. Nikamweka Athmani pale, nikafunga mlango mimi mwenyewe, kwa nje, nikaenda kukaa kwenye upepo. Kisha nikamfanyia mzaha mbele ya watu.

Athmani aliangalia mikono yake.

Posa haikurudishwa. Bi Zena alichemsha maziwa, akamimina kikombe, akampa Athmani. Yaliyobaki akawapelekea paka.

Mimi hakunitazama.