Mbuzi wa Mahari ya Sakina

Yaya Salima, dada yangu mkubwa,

Natangaza kwa heshima zote: leo hapa Kindu mdogo wako amevunja benchi la mahakama kwa makalio yake. Hata majaji walicheka.

Kicheko kiliisha wakili wa yule kamanda aliyemchukua binti yako wakati wa vita aliponiuliza: “Papa, mbuzi ya mahari mulikula, hapana? Basi ile njo ndoa, si uhalifu.”

Miaka yote nimekudanganya kwamba mbuzi alitoroka. Mungu akutulize moyo, Yaya. Siku kamanda alipoleta mbuzi huyo, ulikuwa umekimbilia Pangi. Bunduki za watu wake zilikuwa mlangoni, Sakina amefungwa kamba, analia. Kula hawakunilazimisha, nilikula kwa njaa. Nimewaambia majaji hivyo hivyo, na kwamba Sakina hakuulizwa na mtu, hata na mimi mjomba wake.