Sarafu Isiyo na Kadi

Fordsburg, Johannesburg
Julai 2019

Mpendwa Baba Zuhura,

Nakuandikia nikiwa nimekaa upande wako wa meza, karibu na dirisha. Usinune. Jua la Julai huingia hapa limelala, na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba sarafu kongwe haisomwi chini ya taa. Husomwa kwa mwanga wa ubavuni, unaitega na kuigeuza taratibu mpaka kila uvimbe mdogo utoe kivuli chake.

Unaikumbuka ile ya kwanza? Uliipata soko la Newtown Jumapili moja, kwa yule mzee Mgiriki aliyekuwa akiuza saa mbovu, ukarudi nayo unatembea kama bwana harusi. "Mama Zuhura, hawa ndio Warumi wenyewe, wale tuliosomeshwa chuoni Tanga." Kisha ukaingia jikoni ukaisugua kwa ndimu na majivu, kama marehemu mama yako alivyokuwa akisugua madele ya kahawa. Ilitoka nyekundu, inang'aa, na mfalme hayumo. Kumbe ile kutu ya kijani ndiyo iliyokuwa imemshikilia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nawe ukakataa kunywa chai yangu.

Baada ya hapo tulishika adabu. Tulijifunza kuanza na mgongo wa sarafu: herufi M ni thamani ya arobaini, K ni ishirini, kwa hesabu ya Kigiriki, chini yake jina la mji ilikogongwa, pembeni mwaka wa utawala. Herufi nilizishika haraka kuliko wewe, maana macho yaliyozoea kutunga uzi wa mapazia hayababaiki na kilichochakaa. Wewe ulikuwa hodari wa sura, ndevu za huyu na taji la yule. Tukawekeana sharti, hakuna sarafu inayoandikiwa kadi ya jina lake mpaka sote wawili tuseme "sawa".

Ndiyo maana moja ilibaki bila kadi, kwenye kikombe cha zisizojulikana. Mgongoni ina M, mji na mwaka vimelika, na usoni wako watu wawili waliofutikafutika. Wewe ulisema ni Hirakli na mwanawe. Ulimtaka Hirakli kwa moyo wote, mfalme wa Rumi aliyeandikiwa barua na Mtume. Ulitaka kushika kitu kilichopita mikononi mwa watu wa zama zake. Mimi nikasema ni Justini, mfalme wa kabla yake, na mkewe Sofia.

"Umejuaje kama huyu ni mwanamke?"

"Mwanamke hafichiki, hata akichakaa."

"Mama Zuhura, hawa wamesimama. Mtazame huyu alivyonyooka."

"Wamekaa. Aliyesimama hawi mfupi hivyo na bega pana hivyo."

Hata Papa Dodo, fundi wetu Mkongomani wa pale dukani kwetu kwa mapazia, ulimwita aamue. Aliacha cherehani, akaisogeza sarafu jichoni, akaturudishia. "Papa, hii ni bwana na bibi yake, banaikala. Lakini miye siingie mu mambo ya ndoa ya batu." Aliposema banaikala, yaani wamekaa, ukasema nimemhonga sambusa. Nilikuwa nimempa sambusa, ndiyo, lakini si kwa sababu hiyo.

Ulipolazwa nilikuja na uji, na sarafu nimeifunga kwenye pindo la kanga. Uliipapasa kwa kidole gumba, macho umefumba. "Wamesimama," ukasema. Nikakwambia ukipona tutaona. Wiki ile ile ukaniacha.

Sikuigusa kwa muda mrefu. Sasa mwezi huu udadisi ukanishinda. Niliiloweka sarafu kwenye maji yale yasiyo na chumvi tunayotia kwenye pasi ya mvuke, nikawa nayabadilisha, nikichokonoa kidogokidogo kwa kijiti cha meno. Jana udongo mgumu uliokuwa umeganda miguuni pao ukabanduka. Nikaitega kwenye jua. Magoti. Magoti manne, na chini yake mstari wa kiti cha enzi. Ukingoni zikajitokeza herufi za jina la Justini, mbovumbovu lakini zinasomeka.

Nikamwita Zuhura. Akatupa jicho mara moja. "Sharp, Mama," akasema, akarudi kwenye simu yake. Hakuuliza hata magoti yako wapi. Mtu akikukubalia upesi hivyo, ushindi haunogi.

Na swali limezaa swali. Kwa nini mfalme amkalishe mkewe ubavuni pake kwenye shaba, pesa ya kununulia mboga, mpaka kila mchuuzi amwone? Nimesoma kwamba Justini baadaye akili zilimruka, na Sofia ndiye aliyeshika mambo. Je, mfalme alimchora hapo kwa mapenzi au kwa woga? Wewe ungekuwa na jibu, huenda la uongo, lakini ungekuwa nalo.

Ikabaki kadi. Nilifikiri niandike Hirakli, iwe zawadi yangu kwako. Lakini hukuwa mtu wa kufurahia zawadi ya uongo. Nikafikiri niirudishe kikombeni, maana "sawa" ni moja tu na sharti ni mbili. Nikaona hilo nalo ni kumtesa Sofia, ambaye amesubiri vya kutosha kutambuliwa. Basi nikaandika: Justini na Sofia, wamekaa. Hilo neno la mwisho nimelipigia mstari, nisamehe.

Nilipoweka kalamu chini nikasubiri unibishie. Nilisubiri kweli, Baba Zuhura. Nilichosikia ni pasi ikipoa tu.

Nimeshinda. Mungu akulaze pema, na akikuruhusu, njoo hata ndotoni uniambie wamesimama.

Mkeo mbishi,
Mama Zuhura