Fundi Zuhura na Mashine Mpya

Mjukuu wangu Saumu,

Salamu zako nimezipokea kwa furaha. Bibi yako hajambo, mguu umepona. Unauliza kama sikuona haya kufundishwa na mwanafunzi wangu.

Niliona. Mashine mpya ya kuchomelea, inayotuma umeme kwa mapigo, ilipofika karakana yetu hapa Ngamiani, moto wake ulinizidi nikatoboa alumini mara tatu, na tangi la boti ya wavuvi wa Pangani lilikuwa linasubiri. Zuhura, niliyemfundisha kazi mwenyewe, akapunguza kasi ya waya unaoyeyuka kuunganisha, akajaribu kwenye kipande chakavu, akasikiliza mvumo wa mashine. Akachoma mshono wa kwanza, mkono hautikisiki.

"Shika, mwalimu. Mashine ikivuma sawasawa, songa."

Nikasonga. Tukajaza tangi maji, halikuvuja hata tone.

Siku hizi mteja akileta alumini namwambia, "Muulize Fundi Zuhura," nami navuta kiti nimtazame.

Babu yako akupendaye,
Bakari