Kifaru Kielekee Wapi?

Jumatatu, 10 Novemba

Wakio amepiga simu. Harusi ni Jumamosi, tarehe sita Desemba, kanisani Wundanyi, saa nne asubuhi. Binti yangu wa kwanza. Anataka nimshike mkono nimwingize. Anasema mjomba wake amejitolea kushika nafasi hiyo, "kama baba atakwama". Kama nitakwama! Yule bwana anangoja nikwame tangu nilipomwoa dada yake.

Nimemwendea Bosi Sydney hapo hapo. Hakuna shida, Mtaita, akasema, kifaru kikitoka geti na wewe unatoka. Akanipa mkono.

Basi harusi yangu iko ndani ya kifaru. Chenyewe ni cha vita, tunakiunda hapa Malaba: mabati ya kontena kuukuu, injini ya lori, na minyororo ya buldoza iliyofia kule Matayos. Ukubwa wake ni kamili kama vile vya vita vya Burma. Babu yake Bosi alipigana huko, na mwezi ujao kaburi lake linajengewa saruji. Bosi anataka kufika kwenye ukumbusho akiwa juu ya kifaru. Pia anataka ubunge. Mambo haya mawili hayatajwi pamoja, lakini fulana za kampeni zimeshafika.

Alaso, mama wa chai hapa getini, anasema nyanya yake alimjua huyo mzee. Vitani alikuwa mpishi. "Waliomwogopa ni maharagwe tu."

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwangua kutu kutwa nzima. Nikipenga, kamasi ni nyekundu.

Leo tumepandisha kichwa, kile cha juu kinachobeba mtutu. Mtutu ni bomba la kisima. Kichwa kinazunguka vizuri kabisa, kama kwenye picha. Lakini injini ikiwaka kinatetemeka, ng'ang'ang'a, kama meno ya mtu mwenye malaria. Nimetoka kunywa chai. Kurudi, Chrispine ameshakichomelea kwenye mwili, duara lote! Fundi wa welding akiona kitu kinatikisika, dawa ni moja.

Nikamwuliza, sasa kitageukaje? Akasema, vita viliisha zamani, kigeuke kikatafute nini?

Tundu la kuingilia pia amelikata leo. Alihitaji kipimo cha mtu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Akanizungushia futi kiunoni, akachora, akakata.

Jumapili, 16 Novemba

Padre amekuja baada ya misa ya pili. Amekinyunyizia maji mbele na nyuma, akaombea amani. Halafu Bosi akapanda asalimie watu kutoka tunduni. Miguu imeingia. Tumbo limekataa. Alaso akapiga kelele, "Bosi, zaa tu, mkunga yuko hapa!" Tulimvuta watu wanne.

Imeamuliwa atakaa juu, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kamba. Ndani ataingia nani? Wote wameangalia kiuno changu. Nimewahi kuendesha trekta kwenye mashamba ya katani kule Mwatate. Kosa langu ni kulitaja.

Jumanne, 18 Novemba

Balaa. Uwanja wetu geti lake liko mashariki, kwa hiyo tulikiingiza kinyumenyume— la, naandika vibaya. Tulikijengea humu humu uwanjani kikiwa kimeangalia magharibi. Magharibi ni Uganda.

Saa ya chai amekuja afande wa ng'ambo, na wa upande wetu akimsindikiza. Mtu mpole, mrefu. "Ssebo, bwana, hiki kitu mbona kinatutazama?" Bosi akaeleza habari za babu. Afande akasema poleni sana kwa msiba. Bosi akasema babu alikufa zamani. Afande akasema basi hata haraka hamna, geuzeni.

Kichwa hakigeuki. Chrispine alishika mashine akikate, Bosi akamzuia: kimebarikiwa. Kitu kikishabarikiwa hakikatwi. Tukapiga simu kwa padre. Padre akasema hilo hajawahi kuulizwa.

Kwa hiyo nimegeuza kifaru kizima, minyororo ikichimbua uwanja kama nguruwe. Sasa kimeangalia kaskazini.

Jumatano, 19 Novemba

Kaskazini kuna ofisi ya chifu. Amekuja mwenyewe. Kigeuzwe.

Ijumaa, 21 Novemba

Kusini kuna msikiti. Nilimwambia Bosi, akasema ukuta ni mrefu, hawataona. Baada ya swala wamekuja wazee watatu, Abdulnoor wa malori akiwa mbele. Hawakupandisha sauti. Abdulnoor aliinama akaangalia ndani ya bomba kwa jicho moja, akasema, "Sydney, ndugu yangu, mimi ni jirani yako na ndiye ninayekukodishia uwanja. Hii ni salamu gani?"

Nikaingia tena tunduni. Mle ndani ni joto na moshi, natoka nikiwa mweusi na macho mekundu. Watu wa foleni ya malori wananipiga picha. Turuboi mmoja, utingo wa lori, aliniita Jenerali.

Jumamosi, 22 Novemba

Upande uliobaki ni geti, na getini yuko Alaso. Bosi amekwenda kumwomba radhi mapema. "Elekezeni tu," akasema Alaso. "Mimi nalala na mume wangu Osukuku, ananguruma usiku kucha. Bomba la kisima litanitisha nini?" Tangu asubuhi madereva wanakuja kula chapati mbele ya mtutu. Amechemsha chai mara mbili.

Jumatatu, 1 Desemba

Tarehe ya ukumbusho imesogezwa, sababu ya mgeni wa heshima. Sasa ni Ijumaa, tarehe tano.

Nimemwambia Bosi, harusi ni Jumamosi asubuhi, na mimi natoka mpakani mpaka Taita, nchi nzima katikati. Akasema, fika na kifaru, shuka, nenda. Kaburi liko Amagoro, ni hapo tu. Nikamwambia atafute mwingine. Akasema, nitafutie mwenye kiuno. Wamejaribu wawili. Mmoja aliacha suruali ndani.

Basi la Mombasa linatoka Malaba saa nane mchana na linapita Voi alfajiri. La Ijumaa ndilo la mwisho linalonifaa. Wakio nimemwambia nakuja. Akasema, mjomba ameshanunua suti.

Ijumaa, 5 Desemba

Naandika nikiwa ndani ya kifaru. Mkono unateleza kwa jasho.

Tumechelewa kutoka— mgeni wa heshima kwanza, halafu wacheza ngoma, halafu fulana hazikutosha. Saa nane kasoro ndipo tumetoka geti. Kifaru kimetoka geti! Begi langu ninalo hapa miguuni, na suti ndani yake. Bosi yuko juu kwenye kiti cha plastiki, anapungia malori. Mnyororo wa kulia unavuta kuliko wa kushoto, kwa hiyo barabara kuu tumeipita kama mlevi. Kabla ya kutoka mjini rediata imechemka. Injini imezima tukiwa tumekingama, pua imegeukia tulikotoka, barabara yote imezibwa.

Honi. Nimetoa kichwa. Mtutu umeelekea moja kwa moja kwenye kioo cha basi la Mombasa. Kondakta ameshuka mikono juu: "Jenerali, tumesalimu amri!" Watu wakacheka. Nikamwuliza, kuna nafasi ya Voi? Iko moja, akasema, lakini utoe hilo jiko lako kwanza.

Kulitoa ni mimi tu. Nikisonga mbele, nasonga na Bosi mpaka Amagoro, basi linanipita. Nikishuka, basi halina pa kupita. Nimemwambia Bosi kifaru kimeshatoka geti, tulipeana mkono. Anasema, leo? Mbele ya mgeni wa heshima? Anagonga chuma kwa fimbo. Endesha, Mtaita!

Wakio amepiga. Baba uko wapi? Njiani, nimesema. Nyuma yake nimemsikia mjomba akiuliza kama tai inakaa sawa.

Chrispine ameleta maji. Rediata imejaa. Injini imeshika.

Kushoto kuna mtaro, mpana, una matope ya jana. Mnyororo wa kulia unakisukuma huko huko, hata bila kulazimishwa.

Nimemwambia Bosi ashikilie kiti chake vizuri. Kondakta nimemwambia anishikie changu.