Mama Anafukia Majani Shambani kwa Mzee Kasimiri

Mpendwa mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, naishi karibu na Mwimbi, na naomba msaada wako kwa sababu jambo hili naona aibu kumwambia katekista, na sijui kama nilicho nacho ni mashaka au ni dhambi.

Mama yangu, Albina, ni mjane, na tangu Mzee Kasimiri aanzishe kikundi cha kumngojea Bwana amebadilika, anaimba, hamlilii tena baba, na kwa hilo namshukuru Mungu, lakini Mzee Kasimiri amewaambia kwamba Yesu atarudi kabla ya mvua za mwakani na kwamba atakayetengeneza ntumba mwaka huu hana imani, na unajua huku Ufipa ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, tunayatengeneza sasa majani yakiwa mabichi, tunayafukia yaoze ili tupande msimu ujao, kwa hiyo shamba letu limebaki nyasi tupu.

Jumamosi nilikata njia nyuma ya kanisa nikamkuta mama na wenzake wakiimba na kufukia majani katika shamba la Mzee Kasimiri mwenyewe! Nilimwamkia mzee, aliyekuwa ameegemea jembe pembeni, kisha nikauliza, "Mzee, kama Bwana anakuja kabla ya mvua, humu mtapanda nini?"

Akacheka. "Mwanafunzi, soma vitabu vyako. Hii ni sadaka ya mikono."

Mama mmoja akadakia, "Albina, huyu wako atatutungia mtihani mpaka mbinguni!" Wote wakacheka, ila mama aliinama tu. Nyumbani akaniambia, "Anayeshuku ataachwa."

Sasa nikisali ufalme wake uje, namwona Mzee Kasimiri ameegemea jembe, wenzake wanalima. Nampenda Bwana na nataka aje kweli. Je, kumshuku Mzee Kasimiri ni kumshuku Bwana? Na mwakani tutakula nini?

Mwenye mashaka, Mwimbi

Mshauri anajibu:

Marahaba, mwanangu. Kasimiri siye Bwana, basi ondoa hofu hiyo. Bwana alisema siku yake hakuna aijuaye, hata malaika. Kasimiri kaijulia wapi? Na kama anaijua, matuta ya mwakani ni ya nani?

Lakini nawe umekosea. Ulimhoji mzee mbele ya watu, aibu ikamwangukia mama yako. Kikundi hicho kimemfuta machozi; ukikitukana, umemtukana yeye. Tena wewe msomaji hodari umeshindwa kusoma kitu kimoja: wenzake walicheka, yeye akainama. Mama yako naye anashuku, ila hana wa kumwambia.

Aibu weka kando, mweleze katekista yote uliyoyaona, bila kuongeza chumvi. Usimwite Kasimiri mwizi. Waache wakubwa wamuulize.

Na shamba je? Umeniandikia barua ndefu, na udongo unakauka! Kesho ukitoka shule chukua jembe, anza ntumba ya kwanza. Usimhubirie mama. Akija kukuuliza unafanya nini, mwambie, "Namngoja Bwana, mama," kisha umwombe msali pamoja hapo hapo, Bwana aje upesi. Halafu mpe jembe la pili.

Anayengoja mgeni hazimi jiko.