Macho Yananiwasha

Kilosa, Alhamisi. Mawingu mazito tangu alfajiri, na mvua haijanyesha. Nami ni vivyo hivyo.

Nimeamka na wivu. Nimetafuta neno lenye heshima zaidi, sikulipata. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mwenye miaka sitini na tisa, anamwonea wivu mwanamke mwenzake kwa sababu ya mtoto wa miaka minne.

Mtoto ni mjukuu wangu, Yusta. Mwanamke huyo ni mama wa mkwe wangu. Yusta humwita Bibi Mikumi. Anauza chai na chapati kwa madereva wa malori, na ngeli za Kiswahili huzipanga apendavyo. Miaka yote nimemvumilia kwa adabu, nikiamini moyoni kwamba Yusta akilelewa kwangu ndipo atakuwa mtu.

Mwezi uliopita wazazi wake walimleta hapa. Siku ya pili alikuja jikoni akijifikicha uso.

"Bibi, macho inawasha."

"Macho yananiwasha," nikamsahihisha.

"Macho yananiwasha."

Nikampongeza, nikaendelea kuchambua mboga.

Macho yenyewe sikuyatazama.

Alipiga chafya siku tatu, na kila usiku alilala amemkumbatia paka wangu, Shemasi, niliyempa jina hilo kwa ajili ya ukosi mweupe wa shingoni. Nilisema ni mafua ya vumbi. Siku ya nne kifua chake kikaanza kulia kama filimbi. Mama yake, yaani mkwe wangu, alikuja mbio kutoka Morogoro, tukampeleka kwa daktari. Daktari akasema ni mzio wa paka: mate yake na vumbi la ngozi yake. Mkwe wangu akauita "aleji." Nilifungua kinywa nimsahihishe, nikakifunga.

Yusta alipopata nafuu, akapelekwa Mikumi moja kwa moja. Huko hakuna paka.

Jumapili nilipiga simu, akapokea Bibi Mikumi. "Shikamoo, mzazi mwenzangu! Mwali wako kashahamia kwangu, na mahari silipi!" Akacheka mpaka akakohoa. Niliitikia "Marahaba" kavu. Ni utani tu, najua. Ulinichoma hata hivyo.

Yusta alinisimulia habari za nyani waliokaa kando ya barabara kuu wakila maganda ya ndizi. Mimi nilimfundisha irabu tano. Nani atashindana na nyani?

Kisha akauliza, "Shemasi hajambo?"

Hali yangu hakuiuliza. Ndiyo, nimemwonea wivu hata paka.

Juzi nilimpeleka Shemasi kwa jirani ambaye mahindi yake yanaliwa na panya. Nikafua mapazia, nikaanika godoro juani, kisha nikaenda kumwuliza daktari kama Yusta anaweza kurudi wiki ijayo. Akasema vumbi la paka huweza kubaki ndani ya nyumba miezi mingi hata paka mwenyewe akishaondoka.

Kwa hiyo leo nimemeza kiburi, nikamwomba Bibi Mikumi nafasi ya kulala Jumamosi.

"Karibu mama, chumba kipo! Ila uoge kwanza, na khanga zako zenye manyoya uziache huko huko."

Ningekasirika, lakini alisema kweli.

Yusta akamnyang'anya simu. "Bibi, macho haiwashi tena."

Hayawashi. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Yote mawili?" nikamwuliza.

"Yote. Bibi Mikumi anayaangaliaga kila asubuhi."

Kila asubuhi. Mwanamke asiyejua ngeli hata moja.

Nguo zangu mbili nimezifua mara ya pili, zipo kambani, na mawingu bado yananitisha. Wivu haujaisha, sitadanganya. Lakini Jumamosi, mtoto yule atakaponikimbilia akiongea ovyo kama kawaida yake, je, nitaweza kumtazama kwanza?