Homa ya Gari la Mikate

Jumatatu, 3 Februari

Mama anasema kukaa nyumbani kusubiri matokeo ya mtihani ni kushika kutu, na kama ni kutu basi heri nikaishikie gereji kwa mjomba. Alicheka peke yake. Nipo hapa tangu mwezi uliopita.

Leo gari la mikate limerudi. Tena! Ni la dizeli, la mama mwenye tanuri pale njia panda. Taa ya injini inawaka, na likipanda mlima linakuwa zito kama limebeba mawe. Mashine ya kusoma hitilafu inarudia lile lile: sensa ya joto la moshi. Ni kijiti cha chuma kilichochomekwa kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari moshi una joto kiasi gani. Fundi umeme wetu, tunamwita Volti, ameshabadilisha sensa hiyo mara mbili. Kila akibadilisha gari linapona siku chache, kisha taa hiyo tena.

Mjomba alisema mbele ya watu kwamba Volti anatuletea sensa feki. Volti akasema sensa ni nzima, shida iko kwingine. Mjomba akamwambia aende akaitafute huko kwingine, na asirudi mpaka aitwe.

Volti alikusanya vifaa vyake polepole. Mita yake ya kupimia umeme aliniwekea mkononi, kama mtu anayekuachia mtoto mara moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kuitumia. Nikaitia mfukoni.

Jumanne, 4 Februari

Mama wa mikate kaja asubuhi, injini haijawashwa bado. Mjomba akamwonyesha kioo cha mashine: joto la moshi, digrii mia tisa na kitu. Mama yule akakiangalia, akamwangalia mjomba.

"Baba, tanuri langu likiwaka tangu alfajiri halifiki hapo. Hilo gari limelala na homa gani?"

Mafundi wakacheka. Mjomba naye akacheka, akasema ndiyo maana anaagiza sensa nyingine, safari hii kwa mtu mwaminifu.

Walipoondoka niliweka kiganja kwenye bomba. Baridi kama sufuria iliyolala nje.

Nimewaza kutwa nzima. Sensa ya kwanza, ya pili, ya tatu — zote ziongope, na zote ziongope uongo ule ule? Labda haziongopi. Labda ujumbe unapotelea njiani, kwenye waya. Nilimfuata mjomba nimwambie. Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama anataka chai.

"Ndiyo, mjomba," akanijibu. Huniita hivyo kama ninavyomwita. "Sukari kidogo."

Alhamisi, 6 Februari

Mjomba alikwenda kuulizia sensa. Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya stendi za chuma. Nikaingia chini.

Nilichomoa plagi ya sensa. Nyaya mbili. Wa kwanza unaleta volti tano kutoka kwenye kompyuta — zipo. Wa pili ndio wa kurudisha umeme. Nikaupima. Kimya. Haupitishi kitu!

Nikarudisha plagi, nikawasha injini, mashine nikailaza kando yangu. Nikavaa glavu, nikaushika waya na kuutikisa. Namba ikaanguka hadi mia na arobaini. Nikauachia, ikaruka mia tisa. Nikatikisa tena. Mia na arobaini. Nilicheka mwenyewe chini ya gari kama kichaa. Kumbe kila Volti alipobadilisha sensa alikuwa anauvuta waya huu, ncha zilizokatika ndani zinagusana, gari linapona. Mpaka barabara mbovu izitenganishe tena.

Nikazima injini, nikaufuata waya kwa tochi. Nyuma ya giaboksi umebanwa karibu kabisa na bomba la moshi. Ganda lake limeungua, linapukutika ukiligusa. Na kilichoubana ni ukanda wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa na ncha yake kufichwa ndani.

Hapa gereji anayefunga nyaya hivyo ni mmoja tu. Hataki vifungio vya plastiki, anasema vinakatika. Na daftari la kazi linasema klachi ya gari hili, ambayo haibadilishwi bila kushusha giaboksi, aliibadilisha mjomba mwenyewe, mwezi wa kumi na mbili.

Cheko likaniisha.

Jioni muuza vipuri alipita. Anasema amesikia habari za Volti, na yeye hatampa tena kazi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeshindwa. Asubuhi, mchana, na alipokuwa ananawa mikono.

Simwogopi. Ni kwamba alinipokea hapa bila kuniuliza najua nini. Sasa nimwambie hivi?

Ningeweza kuunga waya kimyakimya. Gari lingepona, sensa mpya ingesifiwa, mjomba angefurahi. Na Volti angebaki mwizi. Ni rahisi mno. Nilikuwa nimeshashika koleo.

Nimelirudisha.

Jumamosi, 8 Februari

Sensa mpya imefika. Mjomba alikuwa anaifungua kwenye boksi.

"Mjomba, kabla hujaifunga hiyo, naomba ulale chini ya gari kidogo. Nyuma ya giaboksi."

Aliuliza kama nimemtandikia mkeka. Kisha akaingia. Mimi naona viatu vyake tu. Vilitulia muda mrefu.

Alitoka na ule ukanda wa tyubu mkononi. Akauliza nani mwingine ameuona. Nikasema hakuna. Nikamweleza nilivyopima, na namba ilivyoruka. Akauliza ni mita ya nani. Nikasema ya Volti.

Akaunga waya mwenyewe, akauvika ganda jipya, akaupitisha mbali na bomba. Sensa mpya ikarudi kwenye boksi. Tukawasha. Themanini, tisini, mia — namba inapanda taratibu kama inavyotakiwa. Hakuna aliyeshangilia.

Akaninyooshea simu.

"Mpigie wewe. Mwambie aje."

Mimi, ninayeacha simu ilie mpaka ichoke!

"Hapana, mjomba. Aliyemfukuza ni wewe."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Alinitazama sana. Akarudisha mkono.

Sasa yuko nje, kando ya pipa la oili chafu. Mimi niko ofisini, dirisha liko wazi, namsikia akizungumza na Volti kwenye simu. Anamuuliza habari za nyumbani. Za kazi. Za mama yake, mguu umepona? Za mvua ya juzi, kwao haikuharibu kitu? Anauliza za watoto.

La waya bado hajaligusa. Anajikuna shingo. Anaupiga teke mfuniko wa pipa, kidogo.

Anauliza za watoto tena.